Uzi wa Kopo

Jina la Kioo alipewa na mama yake, na wala hakuwa akimsifia sura. Mama alikuwa wa mkono wa kushoto. Alipotaka kumfundisha bintiye kutarizi, alimketisha ubavuni pake kama wafundishwavyo watoto wote, ikawa vurugu tupu. Uzi wa mtoto ulikwenda mrama, sindano ikatokea isipotakiwa, kitambaa kikajikunja kama jani lililokosa maji. Mama akachoka kufumua. Siku moja akavuta kigoda, akakiweka mbele yake.

"Keti hapa. Magoti yaguse magoti. Usiutazame mkono wangu. Nitazame mimi, kama unavyojitazama kwenye kioo."

Tangu siku ile mambo yakanyooka. Sindano ya mama ikienda kulia kwake, ya mtoto ilikwenda kushoto kwake, na mikono miwili ikapanda na kushuka pamoja. Majani aliyoshona mama yalilala upande wa kushoto. Majani ya mtoto yalilala kulia. Wakiweka vitambaa vyao pamoja, vilikuwa kama viganja viwili vilivyokutanishwa.

"Kioo changu," mama akawa anamwita, na jina likaganda. Majirani wasiojua asili yake walicheka.

"Kioo gani, na pua ile?"

"Pua ni yangu," baba alikuwa akijibu bila kuinua kichwa kwenye saa aliyokuwa akiitengeneza. "Mwenye neno na pua aje aseme nami."

Ndivyo Kioo alivyokua. Wasichana wengine walijifunza kushona wakitazama mikono ya mama zao. Yeye alijifunza akiwa uso kwa uso na wake. Alijua namna mama alivyobana midomo kabla ya kuingiza sindano, na namna alivyopumua jani likikamilika. Alikuja kufahamu baadaye, mama alipokwisha kufa, kwamba wengine hawakupata bahati ya kumtazama mtu wao kwa muda mrefu namna ile.

Kitambaa cha mwisho cha mama kilikuwa cha meza ya chakula. Alikichora mwenyewe kwa penseli: tawi moja kubwa linalotoka pindo hili hadi pindo lile, lenye majani, na katikati ya majani ndege, matunda na maua. Majani yalikuwa ya kwao, mshono wa watu wake. Ndege, matunda na maua yalikuwa ya wengine, kwa kuwa mama alikuwa mtu wa kujifunza. Ndege alishona kwa misalaba midogo inayohesabiwa kwa nyuzi za kitambaa, mshono wa watu wa kando ya mto. Matunda yalikuwa vitambaa vikuukuu vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka na kushonwa pamoja kwa bandi za karibu karibu, kama wafanyavyo watu wa milimani kwenye baridi. Maua yalikuwa matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, kama ya kofia.

"Mimi naanzia kushoto," alimwambia Kioo. "Wewe utaanzia kulia. Tukutane katikati."

"Mimi hayo ya misalaba siyajui, mama."

"Utajifunza. Tawi halikimbii."

Tawi halikukimbia, ila mama alikwenda. Maradhi yalimwingia polepole, kisha yakaingia kwa haraka. Alishona mpaka mkono ulipokataa. Majani yake ya mwisho, karibu na katikati, yalitetemeka. Ncha zake hazikukaa pamoja na uzi ulipishana kama hatua za mtu anayetembea gizani. Baada ya maziko, Kioo alikuwa akikitandaza kitambaa juu ya kitanda na kuyagusa majani yale kwa kidole. Yale mazuri ya mwanzoni angeweza kuyashona mtu mwingine mwenye mkono mwepesi. Yale ya mwisho hakuna ambaye angeyaweza. Yalikuwa ni mama mwenyewe.

Nusu ya kulia ilikuwa tupu, ina penseli tu.

Aliyewafaa siku zile alikuwa Mama Mdogo. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa shoga wa mama tangu ujana wao, mwenye ukumbi wa kutarizia juu ya duka la magodoro, na watu wote walimwita Mwalimu. Kioo tu ndiye aliyemwita Mama Mdogo, kwa kuwa mama alimfunza hivyo. Msibani alilala sebuleni kwenye mkeka, alipika, aliosha vyombo, alipokea wageni. Alilia kuliko waliozaliwa tumbo moja na marehemu. Siku ya kuondoka alimshika Kioo mabega.

"Njoo ukumbini, mwanangu. Nitakufundisha yote aliyokuwa akiyajua. Ukimaliza, utajaza ile nusu yako."

Kioo alimweleza habari ya tawi, na majani ya kulala kushoto na kulia, na kukutana katikati. Mama Mdogo akafuta macho kwa ncha ya upande wake wa kanga. "Yule alikuwa mtu," alisema. "Yule hakuwa fundi tu."

Kioo akaenda, kitambaa kikiwa kimekunjwa kwapani.

Ukumbi ulikuwa chumba kirefu kilichopandiwa kwa ngazi ya saruji. Dirisha moja lilitazama barabara, na chini yake wachomeleaji vyuma walitoa cheche na kelele kutwa nzima. Katikati palikuwa na meza ndefu, na viti ambavyo hakuna viwili vilivyofanana. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mshono kwa mshono: ukitaka kufundishwa wa kwetu, tufundishe wa kwenu. Ya pili ilikuwa neno moja tu: geuza. Mtu yeyote mle ndani, awe mgeni wa jana au mwenye mvi, akikwambia "geuza," unakigeuza kitambaa chako aone mgongo wake, maana uso wa kitambaa hujipamba, ila mgongo ndio unaosema umefanya nini. Hakuna aliyewahi kukataa. Kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyetia bitana kufunika mgongo wa kazi yake.

Mezani lilikaa kopo kubwa la maziwa ya unga lisilo na kifuniko. Mle ndani ya ukumbi uzi haukutupwa. Uliokosewa ukafumuliwa, uliobaki, wote ulikwenda koponi, na wanaojifunza wakachota humo.

"Kitambaa chenyewe ndicho hiki?" Mama Mdogo aliuliza siku ya kwanza. Alikikunjua nusu, akakigeuza, akatazama mgongo kwa muda mrefu. Kisha akakikunja. "Kwenu kuna unyevu. Hiki nitakiweka hapa, kwenye sanduku langu, na majani ya mwarobaini nondo wasikiguse. Siku mkono wako ukiwa tayari, nitakukabidhi mwenyewe."

Kioo aliona hilo ni jema. Nani angeona vingine?

Walimfundisha kweli, hilo halisemwi kinyume. Mama Shanga, mwanamke mnene wa vicheko aliyekuja mjini na mumewe kutoka kando ya mto, alimfundisha misalaba.

"Usichore, usichore! Hesabu nyuzi. Sisi kwetu mtoto anayechora tunamuuliza, wewe ni wa kabila gani?"

Fundi Kofia, mwanamume pekee mle ndani, alimfundisha matundu. Alikuwa mtu mrefu mwenye vidole vyembamba, mwenye maneno mengi, na wanawake walimchokoza kwa zamu.

"Fundi, mkeo anasemaje ukikaa na sisi kutwa?"

"Anasema afadhali nikae na nyinyi, maana nyumbani namchosha masikio."

Kioo naye ilibidi atoe wa kwao. Alikuwa na mmoja tu, jani la mama. Akasema atamfundisha Mama Mdogo.

Mama Mdogo akacheka. "Jani lile? Nilikaa ubavuni kwa mama yako miaka na miaka, nikashindwa. Tulicheka mpaka tukalia. Alisema mkono wangu ni wa kufulia."

"Si ubavuni, Mama Mdogo. Mbele. Magoti kwa magoti."

Kioo akavuta kiti, akakaa mbele yake. Yeye mwenyewe alikuwa wa mkono wa kulia, na Mama Mdogo vilevile, kwa hiyo ilibidi Kioo ashone kwa mkono wa kushoto, polepole, ili awe mama. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo. Mkono ulikuwa mzito na jani likatoka baya, lakini aliijua kila hatua, maana alikuwa ameitazama tangu utotoni. Alipoinua macho alimwona Mama Mdogo anabana midomo kabla ya kuingiza sindano, kama mama, bila kujua. Wote wawili walilia, na Mama Shanga kwa upande wake akalia pia, akasema ni moshi wa wachomeleaji.

Baada ya siku chache Mama Mdogo alilijua jani kuliko Kioo.

Kila mara Kioo alipouliza habari za kitambaa, jibu lilikuwa moja. Mama Mdogo alichukua kitambaa cha mazoezi cha Kioo, akakigeuza, akatikisa kichwa.

"Bado, mwanangu. Ona hapa, fundo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nikione tu, basi."

"Sanduku likifunguliwa ovyo nondo huingia. Wataka tukilishe wadudu?"

Kioo alirudi kwenye kiti chake akaendelea kuinama. Alifikiri ndivyo walimu walivyo. Na nyumbani, baba alikuwa ameiacha ile meza ya chakula wazi. Hakutaka kitambaa kingine kiwekwe. Aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa chake cha kufutia saa, kana kwamba meza nayo ina mashine ndani.

"Kimerudi?" aliuliza.

"Bado, baba."

"Hata saa ya ukutani naitengeneza kwa muda mfupi zaidi."

"Saa si tarizi."

"Kweli. Saa ikisimama unajua imesimama."

Msimu wa mvua ulipoanza, kopo lilijaa uzi mpya wa kahawia ya dhahabu, ile rangi inayotoka kwenye maganda ya vitunguu. Haukuwa ajabu. Mama na Mama Mdogo walikuwa wakichemsha uzi wao kwenye sufuria moja, na rangi ile ilikuwa katika nyumba zote mbili. Ajabu ilikuwa umbo lake. Vipande vilikuwa vifupi, vimejikunjakunja, havinyooki hata ukivivuta kwa meno.

"Tazameni," Mama Shanga alisema akiinua kimoja, "uzi wenye nywele za kipilipili!"

"Utie mafuta uuchane," alisema Fundi Kofia.

Wakacheka. Kioo alicheka kuliko wote. Aliupenda uzi ule kwa sababu ya rangi, akauchota kiganja kizima, na msimu mzima aliutumia kwa mazoezi yake yote: misalaba, matundu, bandi za milimani, na jani. Ulimsumbua. Ulijivuta, ukataka kurudia mikunjo yake ya zamani, ikambidi aubembeleze kila hatua. Lakini kidogo kidogo mkono wake ulinyooka, na siku moja Fundi Kofia alikigeuza kitambaa cha mazoezi cha Kioo, akakitazama, kisha akampelekea Mama Shanga naye akione.

"Mama Mdogo," Kioo alisema siku ile, "sasa je?"

Mama Mdogo hakukichukua kitambaa. Alikuwa akipanga mikasi. "Tutaongea baada ya maonyesho," alisema. "Sasa nina mambo mengi kichwani."

Maonyesho yalikuwa ya jumba jipya la kazi za mikono lililojengwa karibu na mahakama. Wenye jumba walikuwa wakitafuta mtu wa kuongoza chumba chao cha kutarizi, na ilijulikana kwamba watamchagua kwa kazi watakayoiona. Ukumbi wote ulimwombea Mwalimu. Kioo alimwombea zaidi, akamnyooshea nguo ya kuvaa.

Siku yenyewe walivaa vizuri wakaenda pamoja asubuhi. Jumba lilikuwa na kuta nyeupe na sakafu inayotoa sauti. Mlangoni palikuwa na meza ndogo ya kazi za wanafunzi, na kitambaa cha mazoezi cha Kioo kilikuwa hapo, kidogo kama leso. Mama Shanga akampiga kiwiko. "Umeonyeshwa, bibi. Sasa hutasalimika na wachumba."

Walikuwa bado wakicheka walipogeuka wakaona ukuta wa mwisho.

Tawi lilitoka pindo hadi pindo. Lilikuwa zima.

Kwanza, na jambo hili lilimuumiza Kioo baadaye kuliko mengine, alifurahi. Moyo ulimruka. Alidhani Mama Mdogo amelimalizia kwa siri ili amshangaze, na hata wazo la kwamba amenyang'anywa nusu yake halikuwahi kufika kabla ya furaha. Alikwenda haraka, viatu vikilia sakafuni, akainua mkono ayaguse majani ya katikati, yale yanayotetemeka.

Hayakuwepo. Majani ya pale yalikuwa yametulia, yamechongoka, mazuri. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Majani yote, kutoka mwanzo wa tawi hadi mwisho, yalilala upande wa kulia, kama watu waliopanga foleni. Hapakuwa na hata moja lililolala kushoto.

Karatasi iliyobandikwa chini ilisema kazi hii ni ya mkono wa Mwalimu.

Mama Mdogo alikuwa amesimama na wenye jumba, mwanamume na mwanamke waliovaa beji. Alimwona Kioo akatabasamu, kisha tabasamu likabaki usoni pasipo mwenyewe.

"Mama Mdogo."

"Naam, mwanangu."

"Geuza."

Watu wa ukumbini waliokuwa karibu waligeuza vichwa. Mwenye beji akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu," alisema Mama Mdogo. "Ni mchezo wetu wa darasani." Akashusha sauti. "Kioo, si hapa. Tuna wageni."

"Geuza."

"Nimesema si hapa!"

Fundi Kofia alisogea. Hakuwa na utani usoni. "Mwalimu," alisema, "kitambaa kimeombwa."

"Nawe usiniletee ya kofia zako hapa."

"Tangu niingie ukumbini kwako umenigeuza mara ngapi? Mimi, mtu mzima, nina wajukuu. Nimewahi kukataa?"

Mama Shanga hakungoja. Alipenya na mwili wake wote, akainua pindo la kitambaa pale kilipoachia ubao wa kutundikia, akachungulia nyuma. Akarudisha kichwa.

"Ina bitana," alisema. "Jamani! Tangu lini tarizi ikavaa shimizi?"

Akatoa mkasi mdogo uliokuwa ukining'inia shingoni, akakata bandi za bitana moja baada ya moja, na Mama Mdogo akamtazama bila kumzuia. Kitambaa kilipinduliwa juu ya mikono ya Mama Shanga.

Mgongo ulikuwa safi mno. Lakini kati ya nyuzi mpya kulikuwa na matundu. Mama alitumia sindano nene, na sindano nene huacha alama hata uzi ukiondoka. Matundu yalizunguka yakachora majani, majani yaliyolala kinyume na yale mapya, yakitoka mwanzo wa tawi hadi katikati. Yalikuwa kama nyayo za mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake. Na karibu na katikati matundu yalipotea njia, yakapishana, yakatetemeka.

Kioo aliweka kidole juu yake.

"Nisikilize," Mama Mdogo alisema, na sasa alisema kwa haraka. "Wenye jumba walitaka kazi ya mkono mmoja. Nusu inalala huku, nusu inalala kule, wangeona kasoro."

"Nilikueleza kwa nini."

"Ulinieleza mimi. Wao nani angewaeleza? Na jani ni lake! Nimelishona lilelile, kama ulivyonionyesha mwenyewe. Watu wangapi leo wataliona? Lingebaki kwenye sanduku."

"Ungeyaacha ya kwake."

"Yalikuwa yanatetemeka, mwanangu." Macho yake yalijaa maji, na Kioo alijua machozi yale ni ya kweli, na hilo halikumsaidia. "Mama yako alikuwa fundi. Ulitaka watu wasimame hapa wamwone akitetemeka?"

"Ndiyo."

"Mimi nilimsitiri."

"Umemsitiri mpaka haonekani."

Mwanamke mwenye beji alibandua karatasi ile polepole, akaikunja, kisha hakujua aiweke wapi. Mwenzake alikuwa akitazama sakafu. Mama Shanga bado alikuwa ameshika kitambaa mikononi kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Uzi uko wapi?" Kioo aliuliza.

"Uzi gani?"

"Uliofumua. Uzi wa mama. Umeuweka wapi?"

Ilionekana wazi kwamba swali hilo Mama Mdogo hakuwahi kujiuliza. Mkono wake ulikuwa umefanya kama ulivyozoea kufanya miaka yote.

"Kopo," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitia kwenye kopo."

Mama Shanga alitoa sauti kama aliyechomwa na sindano. Alimtazama Kioo, kisha akageuza kichwa kutazama mlangoni, kwenye meza ndogo ya wanafunzi. Kioo naye alikuwa amekwisha kutazama huko. Uzi wa nywele za kipilipili. Haukuwa na ukaidi wowote. Ulikuwa unataka kurudi kwenye majani yake, na yeye msimu mzima alikuwa akiuvuta na kuunyoosha na kuucheka.

Alivuka sakafu inayolia, akachukua kitambaa chake mezani, akakitia kifuani ndani ya nguo.

"Kioo!" Mama Mdogo aliita. "Kichukue hiki! Ni chako, nani amesema si chako? Kichukue!"

Kioo aligeuka mlangoni. "Kwaheri, Mwalimu," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Mama Mdogo aliketi kwenye kiti cha karibu, ingawa kilikuwa kimewekewa kazi ya mtu.

Baba alikuwa amekwisha kufuta meza. Alimwona bintiye akiingia mikono mitupu, hakuuliza kama kimerudi. Kioo alitoa kile kitambaa kidogo akakilaza mezani, akamsimulia yote akiwa amesimama. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuchukua lenzi yake ya kutazamia saa, akaibana jichoni, akainama juu ya misalaba na matundu na majani ya mazoezi. Alitazama muda mrefu mno kwa kitambaa kidogo namna ile.

"Uzi huu hapa umekunjwa na wewe," alisema akionyesha kwa ncha ya kibano. "Na hapa katikati ya mshono wako pana mkunjo mwingine, hauna kazi. Na hapa. Na hapa."

"Huo ni wa mama."

"Naona."

Hakuitoa lenzi jichoni. Machozi yalitoka kwenye lile jicho jingine tu.

"Nilikuwa nashinda kuunyoosha, baba. Nilikuwa nautukana."

"Hata mimi nilimtukana mara mojamoja. Hakunyooka." Akavuta pumzi. "Utaufumua?"

Kioo alikuwa amekwisha kulifikiria hilo njia nzima. Angeweza kuufumua, aupeleke kwenye kitambaa kingine kikubwa, achore tawi upya. Lakini uzi uliofumuliwa mara moja hukunjamana, ukifumuliwa mara ya pili hukatika. Ungebaki pale ulipo, ndani ya mafunzo ya yule aliyewasaliti, kwenye misalaba isiyo ya maana na matundu ya kujaribia. Hakukuwa na mahali pengine.

"Haufumuliki tena," alisema.

Mlangoni paligongwa. "Hodi," ilisema sauti wanayoijua. "Hodi, shemeji. Kioo, mwanangu. Nimekileta."

Baba alimtazama Kioo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuitikia hodi hata ya mwizi. Kinywa chake kilifunguka kidogo kwa mazoea, kama mkono wa Mwalimu juu ya kopo, kisha akakifunga, akairudisha lenzi vizuri jichoni.

"Hodi jamani."

Kioo alivuta kiti akaketi mbele ya baba yake, ng'ambo ya meza. Kitambaa kidogo kilikuwa kati yao, juu ya mbao tupu, kama stempu kwenye bahasha kubwa. Akakigeuza, mgongo ukawa juu. Nje mtu alisimama kwa muda, kisha nyayo zikaanza kuondoka, taratibu, zikisita kila baada ya hatua chache kusikiliza kama ataitwa.